Mtoto wa kiume: atahiriwe sasa au asubiri? Majibu kwa wazazi wa Tabora na Kigoma

Mwanangu ana wiki mbili. Baba yake ni Mnyamwezi, anasema kwao haikuwa desturi, mtoto aamue mwenyewe akikua. Mama yangu anataka atahiriwe kabla ya arobaini. Nimsikilize nani? (Mama, Isevya, Tabora)

Kitabibu hakuna anayelazimika kushinda, dada. Tafiti za Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, zilizotoka 2005 na 2007, zilionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Ndiyo maana Tabora ikawekwa kwenye kampeni ya tohara ya hiari. Ila faida hiyo huanza mtu anapoanza kujamiiana, kwa hiyo kichanga hana cha kuwahi. Anachopata mapema ni kinga ya maambukizi ya njia ya mkojo, nayo si kubwa: hutahiriwa watoto wazima karibu 100 ili mmoja aepuke.

Wiki za mwanzo zinapendwa kwa sababu kazi yenyewe ni nyepesi. Hadi siku 60 hivi, mtoto hutulizwa, hupigwa ganzi, govi hubanwa kwa kifaa na kukatwa, mara nyingi bila mshono hata mmoja. Akishaanza kujigeuza na kupiga mateke ya nguvu, itabidi apewe dawa ya usingizi na ashonwe nyuzi. Ushauri wetu basi: ama kabla ya miezi miwili, ama asubiri hadi aweze kulala mezani akiwa macho na kusema anachotaka. Miaka ya katikati iacheni, labda pawe na ugonjwa. Na baba akiwa bado hajakubali, msimpitishie mtoto mlango wa nyuma baba akiwa safarini.

Tunataka tohara iwe siku ya saba, pamoja na akika. Mtoto alizaliwa na kilo 2.1. (Baba, Ujiji)

Akika fanyeni, tohara isubiri. Mtoto awe amefika kilo 2.5, mimba iwe ilitimiza wiki 37, awe amekojoa, ananyonya vizuri, hana homa wala umanjano machoni. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyo mengi kwetu, siku ya saba inapendekezwa tu, na mtoto dhaifu huahirishiwa. Shehe wenu atawathibitishia.

Wakati mnasubiri, hakikisheni alipata sindano ya vitamini K, miligramu 1, alipozaliwa. Halafu muulizeni mama kuhusu ukoo wake: kuna mjomba au kaka aliyewahi kuvuja damu bila kukoma baada ya kung'oa jino? Ugonjwa wa damu kutoganda hupita kwa mama na kumwangukia mtoto wa kiume. Kichanga wa kilo 3 ana damu kama mililita 250 tu mwilini. Vijiko vitano vya chai vikimwagika, sehemu ya kumi imekwenda.

Fundi anakuja nyumbani na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Tatizo liko wapi? (Bibi, Kibondo)

Shikamoo bibi. Wembe mpya ni jambo jema, lakini hautoshi. Muulize ganzi yake ni ipi. Inayofaa ni lignokaini ya asilimia 1 isiyochanganywa na adrenalini, karibu mililita 0.4 kila upande wa shina la uume, kisha asubiri dakika tatu hadi tano. Adrenalini hubana mishipa ya damu, na uume unaweza kufa nyama. Muulize pia atazuiaje damu. Akijibu jivu au unga wa dawa ya kienyeji, mpe chai aende zake: pepopunda huingilia hapo, hasa kama mama hakukamilisha chanjo zake za ujauzito.

Amekatwa jana. Kichwa cha uume kina utando wa njano, na nepi ina damu kidogo. Ni usaha? (Mama, Urambo)

Hapana, mama. Utando laini wa njano usionuka ni kidonda kinachopona, usiusugue. Safisha kwa maji safi ya uvuguvugu, bila sabuni ya kufulia wala spiriti. Paka mafuta ya mgando kwa wingi kila unapobadilisha nepi ili kidonda kisigande kwenye kitambaa, maana ukikibandua damu inaanza upya. Kwa kawaida hupona ndani ya siku 7 hadi 10. Kama aliwekewa pete ya plastiki, itadondoka yenyewe, usiivute.

Matone machache si neno. Damu ikiendelea kutoka, bana kwa kitambaa safi cha gozi dakika kumi bila kufunua kuchungulia, na kama haijakata, nendeni kituoni huku umebana, hata kama ni usiku. Mrudishe pia akipitisha muda wa saa 12 bila mkojo, pete ikiteleza kuelekea shinani, wekundu ukipanda tumboni, au joto likifika 37.5. Homa ya mtoto wa umri huu haitibiwi kwa panado nyumbani.

Tundu la mkojo la mwanangu liko upande wa chini, si kwenye ncha. Tohara itarekebisha? (Baba, Kasulu)

Asikatwe kabisa. Ngozi hiyo ya govi ndiyo daktari bingwa huitumia kutengeneza njia mpya ya mkojo, mara nyingi mtoto akiwa na miezi 6 hadi 18. Anzeni hospitali ya mkoa ya Maweni, Kigoma, mwombe rufaa.

Ana miaka miwili, govi halirudi nyuma. Nesi kasema nilivute kidogo kidogo kila siku. (Mama, Nzega)

Acha kulivuta. Katika umri huo govi bado limeshikana na kichwa, na huachia lenyewe taratibu, kwa wengine hadi wakati wa kubalehe. Kulilazimisha huchana ngozi, na kovu likishajaa ndipo linaposhikana kwelikweli. Osha kwa nje tu. Likivimba kama puto anapokojoa kisha likasinyaa, na mkojo unatoka bila kilio, hapo hakuna ugonjwa.