Mti Uko Wapi Katika Picha Hii?

Swali: Ndugu Mhariri, katika maonyesho ya sanaa huko Mikocheni niliona picha iliyojaa vipande vya rangi tu, ilhali maelezo yaliyobandikwa kando yake yalisema kuwa mchoraji hupata msukumo kwa kutazama miti na bahari. Je, mchoraji wa namna hiyo hutazama nini hasa? – Msomaji, Kigamboni.

Jibu: Ndugu msomaji, huutazama mti ule ule uuonao wewe, ila anachokichukua si umbo lake bali mpangilio wake: namna matawi yanavyoachana, nafasi zinazobaki wazi kati ya majani, na jinsi rangi moja inavyobadilika ikikaribiana na nyingine. Mholanzi Piet Mondrian aliachia ushahidi wa wazi wa safari hiyo. Alianza na mti mwekundu ambao kila mtu angeutambua. Mwaka 1911 akachora mti wa kijivu ambao matawi yake yanakaribia kuwa mistari mitupu. Na mwaka 1912 akachora mtufaha uliochanua, ambao ndani yake hakuna maua, bali mikunjo inayopishana.

Mimi huvutiwa zaidi na Alma Thomas wa Marekani, mwalimu wa sanaa aliyestaafu mwaka 1960 baada ya kufundisha kwa miaka 35, ndipo akajitoa kikamilifu kwa uchoraji. Alitazama mwanga ulivyopenya kwenye majani ya mti uliokuwa nje ya dirisha lake mjini Washington, akauchora kwa mapigo mafupi ya brashi yaliyopangwa safu kwa safu, huku weupe wa turubai ukichungulia katikati. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 80, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuwa na maonyesho yake binafsi katika makumbusho ya Whitney, New York. Kazi hiyo haikutokana na kubahatisha rangi. Ilitokana na subira ya jicho.

Ni kweli kwamba si kila maelezo ya ukutani yana uzito, na njia bora ya kupima ni kujizoeza kutazama. Huko kwenu Kigamboni, nenda ufukweni asubuhi siku ya bamvua, maji yakishakupwa. Acha ngalawa, tazama mchanga: mpaka kati ya mkavu na uliolowa, mifuo iliyoachwa na mawimbi, mwani uliotawanyika. Ziandike rangi zote unazoziona katika daftari, kisha rudi pale pale alasiri maji yakiwa yamejaa, uandike tena.