Kwa Uliyekabidhiwa Timu ya Gari la Wagonjwa

Siku unapokabidhiwa timu ya gari la wagonjwa, huenda usielezwe zaidi ya haya: gari ni hili, madereva ni hawa, ratiba ya zamu itoke kila mwezi. Wengi wetu tunaopewa kazi hii katika hospitali za wilaya ni wauguzi au matabibu. Tulifundishwa kutundika dripu na kumzalisha mama. Kuongoza watu wanaoamshwa saa nane usiku kwenda kumchukua mgonjwa kijijini hatukufundishwa. Mimi nimeongoza timu ya namna hiyo Kanda ya Ziwa, upande wa Sengerema, ambako rufaa kubwa hukimbilia hospitali ya Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Nina jambo moja la kukuambia, na mengine yote yanatoka humo: watu hawa hawavunjwi moyo na ugumu wa kazi. Wanavunjwa moyo na ukimya wa kiongozi wao.

Mchukue mkunga anayepanda gari na mama aliyejifungulia zahanati na damu haikatiki. Njia nzima mkono wake uko tumboni mwa mama, anasugua kizazi kikaze, huku anaangalia dripu na kumsemesha mama asipotelee usingizini. Wanafika, mama anapokelewa, machela inarudishwa, gari linageuza. Kesho yake mkunga yuko wodini kama kawaida, na hajui kama yule mama yu hai. Akienda safari za hivyo mwaka mzima bila kujua hata moja iliishaje, atajikinga kwa kuacha kujali. Ukishaona amefika hapo, kumrudisha ni kazi kubwa kuliko ungemwambia tangu mwanzo.

Kwa hiyo piga simu. Asubuhi, kabla hujaanza makaratasi, uliza wodi iliyompokea mgonjwa anaendeleaje. Halafu wafuate waliompeleka, mmoja mmoja, uwaambie. Dereva pia. Usiyaandike kwenye grupu la WhatsApp, maana habari za mgonjwa si za kila mtu. Waambie waliombeba tu. Na usichague habari njema peke yake. Mgonjwa akifariki, sema amefariki, kisha sema ulichoelezwa kuhusu sababu. Katika afya ya uzazi tunazungumzia kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kwenye huduma, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Timu yako inahusika zaidi na ule wa pili. Ukikaa nao mkaona kifo kile kilitokana na upi, unawatua mzigo usio wao, na ulio wao mnaweza kuushughulikia. Nimewaona watu wazima wakilia waliposikia kwamba mama waliyempeleka amerudi nyumbani na mtoto. Hakuna semina iliyowahi kuwapa nguvu kama simu ile.

Dereva nimemtaja kwa makusudi. Katika magari yetu mengi safari ni ya watu wawili, dereva na muuguzi, na bado utakuta vikao ambavyo dereva anaachwa nje akisubiri kuitwa. Mwingize ndani. Mfundishe kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina kisichopungua sentimita 5 kwa mtu mzima, na wapokezane kila dakika 2. Hili la kupokezana walimu wa huduma hiyo hulisisitiza kwa sababu mtu huchoka kabla hajajijua kuwa amechoka, na mikandamizo yake huanza kulegea huku yeye akiamini bado ana nguvu. Nimelitumia hilo hilo kupanga zamu. Usisubiri mtu aseme amechoka ndipo umpumzishe. Atakayesema ni mmoja kati ya wengi.

Kuhusu mwendo, chunga sana unachokisifu. Ukimpigia makofi dereva kwa kufika haraka, wiki ijayo wote watakimbia. King'ora kinaomba njia, hakimwondoi ng'ombe barabarani wala lori lililozima taa, na bodaboda aliyevaa kofia ngumu huenda hakukisikia kabisa. Msifu dereva ambaye muuguzi wake aliweza kutafuta mshipa nyuma bila kurushwa huku na huku. Mpe pia neno lako, mbele ya wote, kwamba akisema macho yamemzidi hataulizwa kwa nini, atatafutiwa wa kumpokea. Kisha siku atakapolisema, litimize, hata kama itabidi umwamshe mwingine na umwombe radhi.

Sasa posho. Wakubwa wengi hulikwepa neno hili kwa sababu fedha hazitoki mikononi mwao. Ni kweli hazitoki kwako, lakini taarifa inatoka kwako. Kama fungu la mwezi huu halijaingia, waambie kabla ya safari. Wasije wakaligundua wakiwa wamerudi na njaa. Waambie umepeleka madai lini, yako kwa nani, na utauliza tena siku gani, na siku hiyo ikifika rudi uwaambie ulichojibiwa, hata kama jibu ni lile lile. Bandika ubaoni orodha ya safari ndefu na nani kaenda, kila mtu aisome. Minong'ono kwamba fulani ndiye hupewa safari za Mwanza imeua timu nyingi kuliko uchache wa fedha wenyewe, na dawa yake ni karatasi moja ukutani.

Ukaguzi wa gari mwanzoni mwa zamu ufanyeni pamoja, nawe uwepo mara kwa mara. Timu ikiona unainama kusoma geji ya oksijeni, nayo itaisoma. Wafundishe hesabu yenyewe badala ya kuwapa fomu ya kutia alama ya vema. Mtungi mdogo wenye lita 680 za gesi, mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, utaisha kwa takribani saa moja na dakika chache. Ukiwa nusu, ni kama nusu saa tu. Je, mnafika? Enzi za kuvuka ziwa kwa kivuko hesabu hiyo ilikuwa ngumu, kwa kuwa foleni ya Busisi haikuwa na saa maalumu na tulilazimika kubeba mtungi wa ziada. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na namshukuru Mungu kwa ajili ya kila mama anayevuka sasa bila kusubiri. Lakini mtungi wa ziada usishushwe. Barabara bado inaweza kufungwa na ajali, na tairi bado hupasuka. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi ili damu ikatike, nayo hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, kwa hiyo mahali pake ni kwenye kasha la barafu. Kisanduku kilichopigwa jua mchana kutwa kitaiharibu.

Ipo timu yako nyingine usiyoiona. Mpango wa m-mama, ambao mizizi yake iko huku kwetu Sengerema na Shinyanga, unapokea simu bila malipo kupitia 115 kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na gari la wagonjwa likikosekana huitwa dereva ngazi ya jamii mwenye gari lake, kisha hulipwa kwa simu. Jitambulishe kwa madereva hao na kwa wanaopokea simu. Dereva wa jamii aliyemfikisha mama naye apigiwe aambiwe mama anaendeleaje.

Baada ya tukio zito, kama ajali ya basi au mtoto aliyefia mikononi mwao, utashawishika kuwakusanya wote mara moja kila mtu asimulie alichokiona. Usifanye hivyo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumkalisha mtu aliyetoka kwenye tukio la kutisha na kumtaka alisimulie upya. Linashauri huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo hatua zake ni tatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Angalia nani anatetemeka, nani hajala, nani amenyamaza kuliko kawaida yake. Msikilize anayetaka kusema na umwache asiyetaka. Muunganishe na mtu wake: mpe simu azungumze na mkewe au mama yake, mtafutie mtu wa kumalizia zamu, na baada ya siku chache mwulize tena faraghani amelalaje. Akiwa bado halali baada ya wiki kadhaa, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili, uende naye ikibidi. Mazungumzo ya kitabibu, kwamba dripu ilichelewa au machela haikukaza, yafanyeni siku nyingine, na yahusu kazi, si tabia ya mtu.

Na kabla hujatoa agizo lolote jipya, wiki yako ya kwanza panda gari. Kaa nyuma, kwenye benchi la muuguzi, ufunge mkanda, uende safari ya usiku hadi Mwanza na kurudi. Usiamuru kitu njiani, saidia ukiombwa. Utajua taa gani ya ndani haiwaki, kishikizo gani kimelegea, mahali gani mtandao unakatika, na muuguzi anafika saa ngapi nyumbani akiwa bado na zamu ya mchana. Mkirudi, waulize hao wawili wangependa nini kitengenezwe kwanza, na kiwe kimetengenezwa kabla ya safari yao inayofuata.