Bangkok nenda tu peke yako, ila ile pete usinunue

Jana usiku nimepata meseji kutoka kwa dada mmoja wa Mwanza, nae anauza nguo kama mimi, ananambia "shikamoo dada, mwezi wa kumi nafuata mzigo China nataka nipitie Bangkok wikiendi moja nitembee ila wenzangu wananizungusha tu, niende peke yangu au niwasubiri?" Nimeisoma mara tatu nikacheka mwenyewe kitandani, maana hilo swali nilijiuliza mwaka juzi na jibu lake limenigharimu hela, machozi kidogo, na pete moja ambayo mpaka leo ipo kwenye droo.

Ngoja niwape historia. Tulikuwa wanne, grupu la WhatsApp tumefungua wenyewe, tumeshachagua mpaka rangi za madera ya kupigia picha kwenye boti. Ilivyofika wiki ya kukata tiketi wa kwanza mume kakataa, sawa, wa pili ada za watoto, sawa, nani hajui ada za watoto. Wa tatu ndo aliyeniuma, maana ni mtoto wa mama yangu mdogo, huyu hakusema kitu, alileft grupu tu kimya kimya halafu siku mbili baadae nasikia kwa watu eti anauliza "mwanamke anaenda Bangkok peke yake kufuata nini?" Nilikata tiketi usiku uleule. Sikatai, nusu ya ile tiketi ilikatwa na hasira.

Safari yenyewe nairuka, ni kukaa tu, Dar mpaka Addis, Addis mpaka Bangkok, Ijumaa mchana nipo Suvarnabhumi, airport ya Bangkok. Pale ndo nikakosea kosa la kwanza. Nikaenda moja kwa moja kwenye foleni ya uhamiaji, nimesimama kama dakika hamsini hivi, nafika kwa yule kaka anafungua pasi anaona Tanzania, ananirudishia ananyooshea kidole nilikotoka. Kumbe sisi tunaotoka huku lazima upitie kwanza dawati la afya, waone kadi ya homa ya manjano, wakugongee muhuri, ndo uje kwake. Kadi ninayo, tena imelala chini kabisa ya mkoba, imekaa kwenye pakti ya pedi nisiipoteze! Nikamwaga vitu vyote sakafuni mbele za watu. Kwahiyo ushauri namba moja, kadi ya njano ikae mkononi na pasi, na dawati la afya kabla ya foleni. Kadi mkononi. Narudia kwasababu najua mtaweka kwenye begi.

Pale airport kuna treni inakupeleka mjini mpaka Phaya Thai kwa baht 45 (baht ndo hela ya Thailand), usihangaike na teksi. Chumba nilichukua hosteli ya wanawake watupu, vitanda vya juu na chini kama bweni, safi. Na hapo mapokezi ndo nilipoipenda ile nchi. Namuuliza dada wa pale soko la chakula la usiku linafunguliwa saa ngapi, anajibu kwa Kiingereza saa nane usiku ya kizungu, halafu anaongeza akicheka, "sisi tunasema song thum," song ni mbili. Nikamwambia hebu rudia. Yaani Wathai kwenye mazungumzo yao ya kawaida jioni wanaanza kuhesabu upya kama sisi, saa saba jioni ya kizungu wao wanaita moja, inayofuata mbili. Saa mbili usiku, bana! Nimesafiri masaa yote yale nakutana na watu wanaosoma saa kama bibi yangu, nikajiona nimefika kwa ndugu.

Na ukishajiona umefika kwa ndugu ndo unapigwa.

Jumamosi asubuhi nimekula mishikaki ya kitimoto na wali wa kunata kwenye kimfuko, nimejifunga kanga yangu kiunoni juu ya taiti maana kwenye mahekalu hawataki miguu wazi, naenda Kasri Kuu la mfalme. Sijafika getini, baba mmoja mtu mzima, shati limepigwa pasi, kitambulisho shingoni, ananisalimia kwa mikono miwili kifuani. Unatoka wapi mwanangu? Tanzania. Ooh Kilimanjaro! Pole sana, leo kasri limefungwa mpaka mchana kuna ibada, ila usipoteze siku yako, huyu bajaji hapa atakuzungusha mahekalu matatu kwa baht 20 tu. Baht 20 ni hela ya maji. Nikapanda.

Hekalu la kwanza kweli, la pili kweli, la tatu lilikuwa duka la vito. AC, maji ya baridi, dada ananiita madam. Anafungua trei ya mawe ya bluu inayoelekea zambarau anasema "Tanzanite, madam, from your country." Jamani mimi mtoto wa Arusha! Baba yangu mdogo amekufa akiwa dalali wa mawe, nimekua nikimuona anafungua vile vikaratasi vyeupe barabarani analipeleka jiwe juani kabla hajataja bei. Dunia nzima tanzanite inatoka Mererani peke yake, na mimi ndo naenda kuuziwa Bangkok. Najua kabisa la kufanya ni kusema naomba nitoke nalo nje juani. Mdomo haukufunguka. Nimekunywa maji yao, nimekalia kiti chao, naona aibu kuondoka mikono mitupu, nikalipa baht 3,500, zaidi ya laki mbili za kwetu. Natoka nje namuona dereva anapewa kuponi ya mafuta mlangoni kwa kunileta. Hata hakujificha.

Mchana ule nililala nimefunika uso, nililia, nikafungua lile grupu ambalo nimebaki peke yangu nikaangalia zile picha za madera. Nilichokuwa nawaza ni kwamba angekuwepo hata mmoja wao angenivuta kanga pale dukani akaninong'oneza tuondoke. Hilo ndo tatizo la kwenda peke yako. Sio kubakwa wala kupotea kama mnavyotishana, ni kwamba hamna wa kukuvuta kanga.

Jumapili nikaamka na moyo mwingine. Nikapanda boti za mfereji wa Saen Saep pale Pratunam, ule mfereji unanuka kama Msimbazi, boti linaenda kasi na abiria wa pembeni wanavuta kamba kupandisha turubai maji machafu yasiwarukie, mi nilichelewa kuvuta na jirani yangu akaloa, akaniangalia nikaona hapa hamna ukarimu wa Kilimanjaro. Nikafika kasri, yule baba yupo palepale, shati jingine, anawaambia wazungu wawili leo pamefungwa. Nikampita nikanyoosha mkono kwa geti lililo wazi, nikalipa baht 500 nikaingia. Mle ndani kuna Buddha wa Zumaridi, kadogo, kamekaa juu kabisa, mfalme ndo anamvalisha nguo mara tatu kwa mwaka kulingana na majira. Nikasoma kwamba jiwe lenyewe ni jade, zumaridi ni jina tu. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama.

Sasa wanawake wenzangu nisikilizeni. Wote humu tunataka kutembea, tusidanganyane, na wengi mnasubiri mume aseme ndio, shoga apate hela, mtoto amalize darasa la saba. Utasubiri mpaka magoti yagome. Kanga niliyovaa siku zote mbili ilikuwa imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio" na wala sikuichagua makusudi. Hela tafuta, kadi ya chanjo shika mkononi, na mtu yeyote aliyeanza yeye kukuongelesha karibu na geti la utalii, mpite, hata kama ana mvi, hata kama amekuita mwanangu. Ukitaka msaada muulize wewe mtu uliyemchagua wewe. Mi pale hosteli kila nilichouliza nilijibiwa vizuri.

Chatuchak nilienda Jumapili hiyohiyo jioni, ni soko la wikiendi, Kariakoo ikasome, nguo za jumla niliona bei ila hiyo ni posti nyingine. Nitawaambia tu narudi na mifuko stesheni ya Mo Chit, saa kumi na mbili kamili ukapigwa wimbo wa taifa na watu wote wakaganda palepale, mwenye simu, mwenye ndizi mdomoni. Nami nikasimama, nimenyoosha mgongo kama tulivyofundishwa bendera ikishushwa.

Pete nilimpelekea fundi Arusha, akaiinua dirishani hata sekunde tano hazikufika. "Dada, hii chupa."

Wa Mwanza, nenda. Na juzi yule mtoto wa mama mdogo kanitumia meseji, eti "dada mwaka huu unaenda tena? niunge." Nimemtumia namba ya wakala wa tiketi. Mpaka leo bluu mbili, kimya.