Kabla hujatia kisu kwenye sponji ya sanduku la kamera

Vijana wanaoanza kupiga picha za arusi hapa Lamu hunijia na swali moja: "Kaka, ninunue sanduku gani?" Wameshayaona yale masanduku magumu ya plastiki yenye vifungio vikubwa, na wanaona mwenye nalo ndiye fundi. Mimi huwauliza ndani watatia nini. Hunyamaza kidogo, kisha husema, "Si kamera?" Haya, kamera ni mgeni. Nauliza atalalia nini.

Sanduku kazi yake ni kuzuia maji na vishindo vya nje. Lakini boti ikitoka Mokowe na upepo wa kusi umekaza, inapanda wimbi na kushuka kwa kishindo, papo kwa papo, na kila kishindo kinapita kwenye plastiki kuingia ndani. Ukifika gatini maji yametoka, hamali analirusha sanduku kwa mwenziwe aliye juu ya ngazi zenye utelezi. Kisha punda. Katika safari hiyo yote kinachoilinda lenzi ni sponji, na sponji ndicho kitu ambacho watu hukitafuta mwisho, kwa pesa zilizobaki.

Mimi nilikitafuta bure. Nilikata kipande cha godoro kuukuu la nyumbani, nikachimba mashimo, nikatia kamera na lenzi mbili. Ukibonyeza kwa kidole, raha tupu. Siku moja tulikuwa tunatoka Matondoni, nikafungua sanduku ndani ya mashua, manyunyu ya bahari yakaingia. Nikapangusa juu kwa kikoi, nikafunga, nikasahau. Wiki kadhaa baadaye nilipoangalia lenzi kwenye mwanga niliona nyuzi nyembamba ndani ya kioo, kama utando wa buibui. Ukungu. Moja ilisafishika. Ya pili fundi aliitazama, akanirudishia bila kusema neno, akaendelea na kazi yake.

Sponji ya godoro ni poliyurethani, na vitundu vyake vimefunguka kimoja hadi kingine. Ndiyo maana inapumua, ndiyo maana inakunywa maji. Juu inakauka, ndani imeshika unyevu, nawe umeifungia pamoja na kioo katika sanduku lisilopitisha hewa. Kisha ni laini mno: kitu kizito kinaibonyeza hadi chini, kishindo kikija hakuna tena cha kukipokea. Na kwa joto na unyevu wetu wa pwani haidumu. Baada ya miaka kadhaa huanza kunata, kisha humomonyoka kama unga. Ile inayokuja na sanduku kutoka kiwandani, yenye vijumba vidogo vya kung'oa kwa vidole, mara nyingi ni ya jamii hiyo hiyo. Ni nyepesi kutumia, sikatai, lakini kuta nyembamba za vijumba hivyo huanza kulegea na kuchanika, na siku utakapokuta chembe nyeusi ndani ya kamera utajua zimetoka wapi.

Kujua uliyoshika ni sponji gani huhitaji kusoma lebo. Weka mdomo juu ya kipande, puliza. Pumzi ikitokea upande wa pili, vitundu viko wazi. Au kizamishe kwenye ndoo na ukikamue humo humo: kikitoa mapovu na kurudi juu kizito, hicho ni cha kukalia. Unachotaka ni kile kinachoelea, na ukikipangusa kimekauka.

Hizo ndizo sponji za vitundu vilivyofungika, na ziko mbili ambazo utakutana nazo. Kuna poliethilini, ngumu kidogo, ambayo huja kama bamba nene na wakati mwingine huifunga mitambo inayotoka dukani. Na kuna EVA, ambayo sisi tunaijua kwa miguu: ndiyo inayotengeneza patipati nyingi. Watu wa Lamu hawahitaji kuambiwa kwamba kitu hicho hakiogopi bahari. Jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini hapa mwaka 2018, lilivikwa patipati zilizookotwa ufuoni. Lile boksi jeupe la televisheni linalovunjika punje punje liache. Linapokea kishindo kimoja, linapasuka, halirudi.

Bamba nene la poliethilini sikulipata kwa urahisi. Nilichokipata ni mikeka ya watoto, ile ya vipande vya rangi vinavyofumana pembeni, na mingi yake ni EVA ya unene wa sentimita moja hivi. Baadaye niliona kwamba umaskini wangu ulikuwa bahati, kwa sababu hatari kubwa ya kazi hii ni kukata kina. Mikeka ikiwa mipya na inanuka dawa, itandaze kivulini penye upepo siku kadhaa kabla ya kuitumia. Si juani, jua linaikausha.

Hatari ya kina niliijua kwa kidole gumba. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, bamba nene limekaa mapajani, wembe umekuwa butu, nami nasukuma kwa nguvu ili nimalize kabla ya magharibi. Kisu kilikwama, kikateleza, kikapita. Nilishonwa nyuzi nne. Makosa yalikuwa yangu yote na yalikuwa mengi. Wembe butu ndio unaokata watu, kwa sababu unaulazimisha. Mapaja si meza. Na mkono wa kushikilia haukai mbele ya njia ya kisu hata kama unakata sentimita mbili tu.

Sasa nakata hivi. Kwanza navipanga vifaa juu ya kadibodi iliyokatwa kwa kipimo cha ndani ya sanduku, navisogeza hata siku nzima, nikipita navitazama. Kizito kinakaa karibu na bawaba, upande unaokuwa chini sanduku likibebwa kwa mpini wake, si pembeni mbali. Kati ya kitu na kitu naacha ukuta wa sentimita mbili na nusu, na baina ya kitu na ubavu wa sanduku siachi pungufu ya hapo. Kisha nachora umbo kwa kalamu iliyosimama wima, maana kalamu ikilala mchoro unapanuka. Nakata ndani ya mstari, milimita mbili au tatu, ili sponji ikibane kifaa. Shimo likiwa dogo utalipanua. Likiwa kubwa, basi tena. Na usisahau nafasi ya vidole pembeni mwa kila shimo. Mimi nilisahau, nikawa naikamata kamera kwa mkanda kama ndoo ya kisimani.

Kwa mikeka, kila tabaka linakatwa peke yake, juu ya ubao, kwa wembe mpya na rula nene ya chuma. Napitisha kisu mara tatu au nne, wepesi wepesi, badala ya kushindilia mara moja. Mzee mmoja anayechonga milango Mkomani aliniona siku moja, akacheka, akasema, "Mwanangu, chombo ndicho kikate, wewe kielekeze tu." Glavu ngumu ivae mkono unaoshikilia. Ncha za wembe zilizovunjwa zitie chupani, ufunge kifuniko, kwani nyumba zetu watoto hutembea miguu mitupu.

Ukiwa na bamba nene kweli, fundi wa makochi mwenye kisu cha umeme atalikata kwa dakika chache na kingo zitatoka safi. Mlipe. Sponji laini ya vitundu wazi, ukilazimika kuitumia, ina hila yake: irowanishe, igandishe kwenye friza, ndipo uikate ikiwa ngumu, kisha uikaushe kabisa. Mimi niligandisha kwa rafiki anayeuza barafu kwa wavuvi. Ilikatika vizuri sana, ikanuka samaki changu mwezi mzima.

Kuna wanaochoma kwa waya wa moto. Kwa poliyurethani usijaribu. Moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi, na vyumba vyetu vya kale kuta zake ni nene na madirisha machache.

Matabaka nayagandisha kwa gundi ya kupulizia, mlango wazi, pasiwe na jiko wala sigara karibu. Kisha sanduku linalala wazi siku mbili, kwa sababu mvuke wa gundi ukifungiwa ndani unaishia kwenye vioo. Betri za akiba sizitengei shimo kwenye sanduku la kupakiwa tumboni mwa ndege pale Manda. Hizo hukaa nami, ncha zimefunikwa. Na hata sponji nzuri haikaushi hewa. Natia vifuko vya silika, na vifaa havilali humo kati ya kazi na kazi. Vikifika nyumbani vinatoka.

Tabaka la chini kabisa nililiweka jekundu, kwa sababu ndio mkeka uliobaki. Juu ni meusi. Msimu wa Maulidi, Mfungo Sita, tulimaliza kazi usiku Shela, watu wamechoka, boti inangoja. Nilifungua sanduku kwa tochi ya simu kabla ya kupanda, na katikati ya weusi wote kulikuwa na doa jekundu refu linanitazama. Maikrofoni ilikuwa bado juu ya mkeka, ndani ya nyumba ya wenyeji.