Pai kalkulasi na ambienti kalkulasi si kitu kimoja

Umeuliza kama pai kalkulasi na ambienti kalkulasi ni kitu kimoja, hapana ndugu yangu, ingawa zote mbili ni hesabu za kueleza programu zinazofanya kazi kwa pamoja. Kwenye pai ya kina Robin Milner, Joachim Parrow na David Walker (1992) kinachohama ni jina la chaneli (njia ya mawasiliano), yaani nakutumia jina la chaneli kupitia chaneli nyingine na ukishalipata unaweza kuongea na mtu ambaye mwanzo hukumjua kabisa. Chukulia uko kwenye basi unaongea na simu, mnara wa kwanza unabaki nyuma, kituo kikuu kinaupa chaneli mpya, mnara unaipitishia simu, na simu inaanza kuongea na mnara wa pili, hapo kwenye hesabu simu haijasogea hata kidogo, kilichobadilika ni nani kaunganishwa na nani, na mimi hilo wazo nalipenda sana. Ambienti ya Luca Cardelli na Andrew Gordon (1998) yenyewe inajali mahali: kuna kuta, programu inaingia, inatoka, au ukuta unafunguliwa. Kama kazi yako ni faiawoli (ukuta wa kulinda mtandao) nenda na hiyo. Ila anza na pai, chukua karatasi uandike x̄⟨y⟩ | x(z).P, yaani upande mmoja unatuma y kupitia chaneli x, na wa pili unaipokea kwa jina z kisha unaendelea na P, halafu kila penye z ndani ya P weka y kwa mkono wako.