Maswali ya Gari: Corolla Iliyolala Chini ya Mwembe

Shikamooni mafundi. Baba alituachia Toyota Corolla nyeupe ya mwaka 1998. Imekaa chini ya mwembe miaka minne. Boneti na paa zimepauka, ukipitisha kidole kinatoka na unga kama chaki. Utomvu na vinyesi vya ndege vimegandia. Fundi rangi anasema ipigwe rangi nzima. Nikubali? — Msomaji, Tanga

Marahaba. Usikubali bado. Unga huo ni rangi yenyewe iliyochomwa na jua. Tabaka la juu limekufa, lakini chini yake mara nyingi rangi ni nzima. Fungua boneti utafute kile kibati chenye maelezo ya gari. Sehemu ya rangi ikiandikwa 040, hiyo ni nyeupe ya Toyota ambayo kwa kawaida haina klia juu yake, yaani lile tabaka angavu linalopuliziwa juu ya rangi kuilinda. Una bahati, maana rangi ya aina hiyo hufufuka kuliko zote.

Osheni kwanza, tena kivulini. Mwagia maji mengi kabla kitambaa hakijagusa bodi, la sivyo utaburuza mchanga na kuchora mistari. Usikwangue vinyesi vya ndege: vifunike kwa taulo lililoloa dakika 10 hadi 15, vitalainika na kutoka vyenyewe. Utomvu mkavu unahitaji mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa. Ukilegea, osha mahali hapo kwa sabuni mara moja. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa.

Gari likikauka, vaa mkononi nailoni ya mkate na upapase boneti polepole. Kupitia nailoni, vidole vinahisi vichembe ambavyo mkono mtupu hauvihisi. Pakikwaruza kama msasa, pitisha klei ya kusafishia rangi huku umelowesha mahali hapo kwa maji ya sabuni. Klei ikianguka chini, itupe. Imeshabeba mchanga.

Sasa kompaundi, ile dawa ya kung'arishia inayokwangua rangi kidogokidogo. Funika kingo za milango na plastiki nyeusi kwa selotepu ya karatasi. Weka matone manne ya ukubwa wa choroko kwenye sponji, fanya eneo la sentimita 50 kwa 50, futa, angalia, kisha songa mbele. Kitambaa kitageuka cheupe. Kwa rangi isiyo na klia ndivyo inavyotakiwa, ni ile rangi iliyokufa inayotoka. Mtu asikuletee grainda ya kukatia vyuma iliyofungwa sponji. Hiyo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya kung'arisha inafanya kazi vizuri kwenye 1,000 hadi 1,500. Grainda huunguza rangi kabla hujajua, hasa kwenye kingo ambako rangi ni nyembamba.

Malizia kwa nta siku hiyohiyo, na urudie kila baada ya miezi mitatu. Bila nta, jua la Tanga litaurudisha ule unga upesi.

Mark II yangu ya rangi ya fedha inabanduka juu ya paa kama ngozi iliyoungua. Kompaundi gani itaitoa hali hiyo? — Morogoro

Hakuna. Kinachobanduka ni klia, na klia ikishaachia haishikiki tena. Ukipulizia klia mpya juu ya ile, itainuka pembeni pale pale pa zamani, kwa sababu ya chini yake imepoteza mshiko. Paa lipigwe msasa hadi klia yote iliyolegea iishe na ukucha ukipita usikwame kwenye kingo zake, ndipo lipakwe rangi na klia upya. Paa tu, si gari zima. Milango na mbavu za gari huchomwa kidogo na jua, mara nyingi hizo bado zina uhai.

Ni kweli dawa ya meno inasafisha taa zilizogeuka njano? — Dodoma

Inasafisha, kwa wiki chache. Taa za plastiki hutoka kiwandani zikiwa na ngozi nyembamba ya kuzuia miale ya jua. Ngozi hiyo ndiyo iliyooza na kuwa njano. Dawa ya meno ni msasa mlaini tu, inakwangua bila kurudisha kinga. Dawa ya kufukuza mbu, ambayo wengi wanaisifu, ni mbaya zaidi: inayeyusha plastiki, inang'aa siku hiyo, kisha inapasuka vijistari.

Zungushia taa selotepu. Anza na msasa wa maji namba 1000, kisha 1500, kisha 2000, kila mmoja kwa mwelekeo unaokatiza wa uliotangulia ili uone mistari ya awali ikiisha. Maji yasikauke. Mwanzoni yatatoka ya njano. Yakigeuka meupe, ngozi ya zamani imekwisha. Hapo taa itaonekana na ukungu kuliko ulivyoanza, usiogope. Kompaundi itairudisha. Halafu pulizia klia yenye kinga ya miale ya jua. Ukiruka hatua hii ya mwisho, kazi yote utairudia mwakani.

Habari zenu. Probox yangu imetoa malengelenge chini ya milango. Fundi alijaza pati na kupaka rangi, miezi mitano baadaye yamerudi makubwa zaidi. Tatizo ni rangi mbovu? — Mombasa

Rangi haina kosa. Lengelenge maana yake kutu inatoka ndani kuja nje, na pati, ule uji wa kujazia mashimo ya bodi, hunyonya maji kama sponji. Ukiipaka juu ya kutu, umeifunikia kutu blanketi lenye unyevu.

Kabla ya yote, lala chini uangalie ukingo wa chini wa mlango. Kuna matundu madogo ya kutolea maji yanayopita kwenye raba ya kioo. Yakizibwa na majani, vumbi, au fundi aliyeyapaka pati, maji hukaa ndani ya mlango. Yazibue kwa waya laini, mwagia maji kwenye kioo, uyaone yakitoka.

Kisha kwangua kwa msasa namba 80 hadi chuma king'ae, ukivuka lengelenge sentimita tatu hivi kila upande. Vishimo vyeusi vilivyobaki vipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, ufuate muda ulioandikwa kwenye chupa. Chuma kikitoboka, dawa haisaidii: kikatwe na kuchomelewa kipande. Inafuata praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, na pati juu ya praima, si juu ya chuma kitupu.

Pati ya kilo moja inataka hadina, dawa ya kuigandisha, gramu 20 hivi. Mafundi wakiwa na haraka huiongeza ili ikauke upesi. Hadina iliyozidi hupenya na kutoa doa juu ya rangi mpya, hasa nyeupe. Ndani ya mlango malizia kwa nta ya kuzuia kutu, ukiacha yale matundu wazi.

Gari linanuka ukungu hata nikipulizia manukato. — Dar es Salaam

Bonyeza zulia upande wa abiria wa mbele. Likiwa limeloa, bomba la kutolea maji ya AC limeziba na maji yanarudi ndani. Lizibue kwanza. Kisha toa siti, mara nyingi ni bolti nne kila moja; siti yenye eabegi (mfuko wa hewa wa usalama), ondoa waya wa betri na usubiri kabla ya kugusa soketi yake. Inua zulia, maana godoro la chini yake ndilo linalonuka. Lioshe, lianike juani. Plastiki na mikanda ifute kwa siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Usichanganye siki na jiki, zinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Usirudishe zulia hadi upande wa chini wa godoro uwe mkavu kabisa. Juu hukauka kabla ya chini.