Re: MP4 haichezi kwenye deki ya zamani

Mkuu, diski yako haina shida, shida ni faili, hizo deki za DVD za zamani nyingi zinaelewa MPEG-2 (aina ya video inayotumika kwenye DVD) na MPEG-1 ya VCD tu, ukichoma MP4 kama data itakwambia haisomeki hata ubadilishe diski ngapi. Chukua ffmpeg (programu ya kubadili video kwa kuandika amri) uandike -target pal-dvd itakupangia yenyewe picha 720x576, fremu 25 kwa sekunde, sauti AC3 (ya Dolby), hiyo ni ya TV za PAL, kama TV ni ya NTSC (mfumo wa Marekani na Japani) basi ntsc-dvd. Ila usiichome hivohivo!! Ipitishe kwanza DVDStyler (programu ya kutengeneza DVD) itengeneze folda ya VIDEO_TS ambayo deki inaitafuta, wengi wanakwama hapo. VCD (video kwenye CD ya kawaida) nayo ni MPEG-1, 352x288, picha ukungu ukungu na CD inabeba kama dakika 80 tu, mi nisingehangaika nayo labda deki haisomi DVD kabisa.